Moto wa Mzazi

Nilikuwa bado mtoto wa kung'oka meno ya mbele mwaka ule tulipohamia nyumba mpya ya mawe, nje kidogo ya Msambweni. Masika ya mwaka huo watu wa mtaa wetu hawaiiti masika hadi leo. Wanaiita mvua ya Hamisi. Hamisi alikuwa ndugu yangu. Alizaliwa mvua ikinyesha, akazikwa mvua ikinyesha, na katikati hapo sidhani kama alipata kuliona jua.

Nyumba hiyo baba aliijenga kidogo kidogo kwa miaka. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala moja kule Likoni, akirudi kwetu mwisho wa wiki, na kila akirudi huongeza safu mbili tatu za mawe. Sisi wakati huo tulikuwa tukiishi uani hapohapo katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Ilivuja, ilipitisha upepo, ilipitisha panya, na ukilala chali uliweza kuuona mwezi pale ukuta ulipokosana na paa. Nyumba mpya ilikuwa na bati juu, dari ya mbao, na madirisha ya vioo. Baba alipenda kuwaonyesha wageni jinsi mlango wa chumbani ulivyoshika: ukiufunga, hata karatasi haipiti chini yake. Alikuwa na haki ya kujivuna. Sote tulijivuna.

Mvua za pwani ya kusini hazina mzaha, na watu wa kila mahali walikuwa na namna yao ya kuzikabili. Kule Ramisi kwenye mashamba ya miwa, waliokaa vibanda vya mabati walipandisha mawe na magurudumu makuukuu juu ya paa. Kikoneni, alikotoka bibi yangu mzaa mama, wingu likitanda vibaya mtu hutupa shoka uani makali yakiangalia juu, ili tufani ijikate na kwenda zake. Sisi wa mtaani tulifunika kioo cha kujitazamia kwa kanga, tukaficha visu na kila kitambaa chekundu, tukakaa mkekani mbali na mlango, na tukaambiwa tuache kucheka. Aliyekuwa akicheka ni mmoja tu, jirani yetu Mama Wambui, aliyetoka Kinangop.

Mumewe alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Walipanga vyumba viwili vya bati pembeni ya ua wetu, na Mama Wambui akikaanga mandazi na kuyauza barabarani asubuhi. Binti yao Wambui hatukumjua. Alikuwa amebaki kwa nyanyake bara akisoma. Labda ndiyo maana Mama Wambui alinipenda. Na mama yangu alimpenda yeye. Walikuwa wakiitana kupitia ua wa makuti, huyu akiomba chumvi, yule akiomba moto, na dakika ya kuomba chumvi ilikuwa ikienda mpaka wali unaungua.

"Hii ndiyo mnaita baridi?" alikuwa akituuliza mwezi wa saba, akituona tumevaa sweta. Kwao, alisema, asubuhi majani huwa meupe kwa umande ulioganda, na maji yaliyolala nje ndooni hushika utando wa barafu. Mama alidhani anatia chumvi. Mama hakuwa amewahi kufika zaidi ya Mombasa.

Hamisi alizaliwa hospitalini salama, mtoto mnene mwenye sauti, na bibi akashuka kutoka Kikoneni kuja kumlea binti yake, mzazi mpya, hadi siku arobaini zitimie. Bibi Mwanakombo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Mikono hiyo ilikuwa ndiyo kazi yake. Alimkanda mama kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka mama akalia, alimpikia uji wa pilipili manga, alimfungia mtoto kipande cha mvuje shingoni kwa sababu mashetani hawaipendi harufu yake, na mimi pia siipendi. Na chini ya kitanda cha kamba alichokilalia mama, aliweka jiko la makaa.

Huo ndio moto wa mzazi. Wenye kuujua wanaujua; wasioujua niwaambie kwamba kwetu mwanamke aliyejifungua huhesabiwa kuwa ni jeraha lililo wazi. Baridi ikimwingia, haitoki. Itamkaa mgongoni mpaka uzeeni. Kwa hiyo hulala juu ya joto, na joto hupanda kupitia kamba za kitanda, na mifupa hurudi mahali pake. Bibi alilala juu ya moto huo kwa kila mtoto wake, na mama yake bibi vilevile, wote ndani ya nyumba za udongo na makuti.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomtia bibi hofu kuliko baridi, nalo ni upepo wa radi. Upepo huo, kwa maelezo yake, una njaa. Hutembea na tufani ukitafuta nyumba yenye watu ambao hawajatimiza arobaini, kwa kuwa watu hao, mama na mtoto, mguu wao mmoja bado uko kule walikotoka. Ukiwapata wamefunguliwa, huchukua. Aliniambia hayo akichambua mchele, kwa sauti ya kawaida kabisa. Sikuwahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa upepo ule.

Siku yenyewe ilikucha kimya, mvua imekatika, joto limekaba. Bibi alitoka uani akasimama akinusa hewa. Baada ya sala ya adhuhuri upande wa bahari ukawa mweusi, weusi ukaja bara, na kuku wakarudi bandani wenyewe wakati ule wa mchana. Bibi hakupoteza muda. Alifunika kioo. Alichana kanga kuukuu, akapanda juu ya kigoda mimi nikikishikilia, na akayaziba matundu ya hewa ya chumba cha mama moja baada ya jingine, akiyashindilia matambara kwa mpini wa mwiko. Kisha akajaza jiko makaa mapya, akapepea mpaka yakawa mekundu, akanyunyiza ubani, na akalisukuma chini ya kitanda.

"Mama, joto," mama alisema.

"Joto ni dawa, mwanangu. Lala na mtoto wako."

Akafunga mlango ule ambao hata karatasi haikupita. Akaketi mbele yake juu ya kigoda, tasbihi mkononi, akaniketisha miguuni pake.

"Mishi, sikiliza. Mlango huu haufunguliwi mpaka radi itulie. Ukifunguliwa, upepo utaingia, na hautatoka mikono mitupu."

Tufani ilipofika, ilifika yote kwa pamoja. Nyumba ya makuti huipokea mvua kwa upole, lakini bati ni ngoma. Tulikuwa tukikaa tumegusana na bado hatukusikizana. Radi ilipiga karibu, mnazi mmoja nyuma ya choo ukapasuka, nikaikumbatia miguu ya bibi. Kichwa kilikuwa kikinigonga. Nilimwambia, naye akaniwekea mkono kwenye paji la uso na kusema ni upepo unabisha hodi, nisiuitikie. Mara moja aliinuka akatega sikio mlangoni. "Wamelala," alisema, akaonekana kuridhika. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeifanya kazi yake vizuri.

Wakati wa alasiri mlango wa mbele ulisukumwa, akaingia Mama Wambui. Bati la chumba chake lilikuwa limeng'oka. Alikuwa amelowa chapachapa, kitambaa cha kichwa kimechukuliwa na upepo, na amekumbatia mfuko wa unga aliouokoa.

"Shikamoo, nyanya," alisema. Paa limekwenda, lakini shikamoo hakuisahau.

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango, funga mlango."

Alifunga, au alidhani amefunga. Komeo lile lilihitaji kusukumwa mara mbili. Bibi akampa leso ajifute. Wakaulizana habari ya paa. Kisha Mama Wambui akainua uso, akanusa.

"Mama Mishi yuko wapi?"

"Chumbani, amelala na mtoto."

"Na hiyo jiko nasikia harufu yake, iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Mzazi hukaa na moto."

"Ndani? Na kumefungwa?"

"Kumefungwa. Kuna radi."

Mama Wambui alisimama. Alisema kwa adabu, ninaisikia adabu yake hadi sasa: "Nyanya, tufungue kidogo tu. Huko kwetu watu walilala na jiko hivyo, hawakuamka. Mjomba wangu na mke wake, wote wawili."

"Kwenu ni kwenu," bibi alijibu. "Hapa moto huu umetulea sote."

"Basi tumwite. Akiitikia, nitakaa chini." Akapaza sauti juu ya kelele za bati: "Mama Mishi!" Akaita tena. Hakukuwa na jibu.

Bibi alisimama mbele ya mlango akitanua mikono yake mikubwa. "Usimfungulie upepo mtoto wa watu," alisema. Mama Wambui hakubishana tena. Alimshika bibi mabega akamsukuma kando, na bibi akaanguka mkekani. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akisukumwa na mtu mdogo kuliko yeye, na kwa muda nilidhani hilo ndilo jambo baya lililotokea siku ile.

Akafungua. Wakati huohuo mlango wa mbele ulijibwaga ukutani, na upepo ukapita nyumba nzima, ukaivuta kanga kwenye kioo, ukaipeleka chumbani ukiwa umeishika, na radi ikapiga. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Bibi alisema mlango ukifunguliwa upepo utaingia, na mlango ulifunguliwa, na upepo ukaingia. Wakati mwingine huwa nawasikia watu wa mjini wakiwacheka wazee wetu na mambo yao ya upepo, na hunijia kuwauliza: wewe ungekuwa mtoto, umesimama pale, ungeamini nini?

Mama Wambui alimburuta mama kwa makwapa mpaka barazani, mvuani. Mama alikuwa mzito, kichwa kinaning'inia. Alitapika, akafumbua macho, akasema "Mwanangu," akatapika tena. Mama Wambui alikuwa amesharudi ndani. Alitoka na Hamisi. Akampulizia kinywani, akamsugua nyayo, akampulizia, mvua ikiwapiga wote wawili. Mimi nilikuwa nikimwangalia Hamisi. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, mashavu ya mtoto mwenye afya kuliko alivyopata kuwa. Ndiyo maana sikuelewa majirani walipofika na kuanza kulia.

Alizikwa asubuhi iliyofuata, baba alipofika kutoka Likoni. Kaburi lilikuwa dogo, na wanaume walilazimika kuchota maji yaliyojaa ndani yake kwa ndoo kabla ya kumlaza. Baba alirudi na udongo mpaka magotini, akaketi barazani, hakuvua viatu siku nzima.

Maneno yalianza kabla matanga hayajaisha. Mwanamke wa watu, si wa hapa, kichwa wazi, ameingia na tufani mgongoni, amemwangusha mtu mzima na kumfungulia upepo mtoto wa arobaini. Kila aliyesimulia aliongeza chake. Wengine walimwendea bibi wamuulize, yeye aliyekuwepo. Bibi alikuwa akijibu neno moja tu, "Mungu ndiye mjuzi," kisha akainama. Watu waliondoka wakitikisa vichwa, wakiona kwamba kwa imani yake hataki hata kumsengenya muuaji wa mjukuu wake.

Mandazi ya Mama Wambui yakawa yanalala. Akisalimu, wanawake waliitikia wakiangalia pembeni, na wengine hawakuitikia. Asubuhi moja alikuta mlangoni pake pamemwagwa maji yaliyooshewa samaki. Mama yangu wakati huo alikuwa kitandani ameelekea ukutani, hasemi na mtu. Siku walipohama, vyombo vyao vikiwa kwenye mkokoteni kuelekea Ukunda, Mama Wambui alikuja kuaga, na bibi ndiye aliyempokea barazani. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Nilimwona bibi kuwa ni mwanamke mwenye moyo mkubwa, kumpa mkono mtu yule.

Bibi hakurudi Kikoneni kuishi. Alibaki kwetu, akamlea mama mpaka akainuka, kisha akawa anafunga kila Jumatatu na Alhamisi. Watu walimheshimu kwa hilo.

Nilikuwa sekondari mwalimu wa kemia aliposimama ubaoni akieleza kwamba makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba mtu anayekufa nayo huonekana mwekundu, kana kwamba amelala. Nilitoka darasani bila ruhusa. Likizo ilipofika nilimkuta mama uani akipepeta mchele, na bibi yuko ndani anasali.

"Mama, Hamisi hakuchukuliwa na upepo," nilimwambia.

Ungo haukusimama. "Najua," alisema.

Alijua tangu siku ileile. Alisema alisikia kichwa kikimgonga, akataka kuita, sauti ikamkataa. Akajaribu kumnyanyua mtoto, mkono ukamkataa. Kitu cha kwanza alichokihisi baada ya hapo ni upepo baridi usoni, na pumzi ikamrudia.

"Mbona hukusema? Mama Wambui alitoka hapa akiitwa mchawi."

"Nimwambie nani, Mishi? Nimwambie mama yangu kwamba amemuua mjukuu wake kwa mikono yake? Angeishi vipi?" Akaupepeta ule mchele uliokuwa umeshapepetwa. "Na wewe usimwambie."

Sikumwambia. Bibi alifariki mwaka juzi, mwepesi, mikono tu ndiyo iliyobaki mikubwa. Ilipokwisha hitma, wageni wakiwa bado wanakunja mikeka, mama aliniambia, "Sasa naweza kwenda." Sikuhitaji kumuuliza ni wapi.

Tulimpata Mama Wambui kupitia mpishi mmoja aliyefanya kazi na mumewe. Tulikwenda Kinangop mwezi wa saba, tumeazima makoti. Mama alishuka garini, akavuta pumzi, akanishika mkono. "Kumbe hakutia chumvi," alisema. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi na haukuwa na haraka ya kuondoka. Watu walikuwa wakipita na mabuti ya mpira na kofia za sufu, wakisalimiana bila kutoa mikono mifukoni.

Mama Wambui alikuwa amezeeka. Alitufungulia, akatuangalia, akamwita mama kwa jina langu kama zamani, "Mama Mishi," na wakakumbatiana mlangoni mpaka binti yake alipotukumbusha kwamba baridi inaingia. Alitulisha viazi na maziwa ya moto. Tulikaa tumelizunguka jiko jikoni, na kulipoanza kuwa giza aliinuka mwenyewe, akalibeba na moto wake, akaliweka nje uani, kisha ndipo akafunga mlango na kutugawia mablanketi. Mama alimfuata kwa macho, kwenda na kurudi.

"Nimekuja kukuomba radhi," mama alisema. "Ulinitoa mle chumbani, nikawaacha wakuite muuaji. Nilijua kwamba ni makaa. Nilinyamaza kwa ajili ya mama yangu, asijue."

Mama Wambui alijifunika blanketi mabegani.

"Mama yako alijua," alisema.

Jioni ile ya tufani, alituambia, watu walipojaa barazani, yeye alizunguka nyuma kwenda kusuuza kanga ya mama. Akamkuta bibi amekaa chini kwenye matope, peke yake. Alikuwa ameyatoa matambara yote kwenye matundu ya chumba, yako mapajani mwake. Jiko lilikuwa mbele yake vipande vipande. Alikuwa amelivunja kwa mchi.

"Aliniangalia," alisema Mama Wambui. "Akaniambia, 'Nisitiri, mwanangu.' Hiyo tu. Na mimi ni mama ya watu, nikaona watu wakijua, hiyo mzigo itamuua wiki hiyo hiyo. Nikasema sawa. Sikujua watanifukuza. Nilikasirika, sitakudanganya. Miaka mingi nilikuwa nimekasirika."

"Alilia?" mama aliuliza.

"Hapo chini? Alilia, Mama Mishi. Alilia kama mtoto."

"Mimi sikumwona akilia hata siku moja," mama alisema. "Nilidhani yeye hakuumia kama mimi." Kisha akainamisha uso kwenye blanketi, na Mama Wambui akamsogelea. Nilikwenda kulala kwa binti yake, niwaachie nafasi.

Njiani kurudi mama alisema jambo moja tu, tulipokwisha kuvuka feri na hewa yetu nzito ikatupokea. "Tungelia pamoja," alisema.

Mwaka huu masika ilikuja kwa nguvu, na binti ya jirani yetu Bi Saumu alikuwa na mtoto mchanga. Nilikuwa nyumbani. Mchana mmoja kukatanda, radi zikaanza upande wa bahari, na mama akatupa alichokuwa nacho mkononi, akavuka njia bila mwavuli, nami nyuma yake. Chumba cha mzazi kilikuwa kimejaa wanawake. Jiko lilikuwa chini ya kitanda. Mama hakumsalimu mtu. Alipita katikati yao, akafungua dirisha, akalishikilia kwa mkono lisijifunge, mvua ikimpiga usoni.

"Upepo utaingia," Bi Saumu alisema. "Wewe wa kufanya hivyo, uliyempoteza Hamisi?"

"Wacha uingie. Hamisi aliuawa na makaa. Na aliyenitoa mimi mle ndani nikiwa hai ni Mama Wambui. Angewahi kufika, leo ningekuwa na mtoto wa kiume mwenye ndevu."

Nilingoja amtaje bibi. Hakumtaja.

Mzazi mwenyewe, msichana ambaye hakuwa hata amezaliwa siku ya tufani ile, ndiye aliyeinama akalivuta jiko na kuomba litolewe nje. Bi Saumu alilibeba shingo upande. Sijui walioamini ni wangapi. Tulipokuwa tukirudi nilimsikia mmoja wao nyuma yetu akisema kwamba huzuni imemharibu akili masikini, na mama alisikia pia, akaendelea kutembea.

Nami nimebaki na bibi. Kila nikimfikiria Mama Wambui akisukuma mkokoteni kuelekea Ukunda, namkasirikia bibi, na nina haki. Halafu nafikiria miaka yote aliyolala ukuta mmoja na mama, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lilelile, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake, na hasira inakosa pa kushika. Alitaka binti yake apate joto. Hakukuwa na lingine alilolitaka siku ile.